Buji ya Tano

Juzi nilirudi Kamalondo, mtaa wetu wa zamani Lubumbashi, kwa kilio cha mtu ambaye hakuna aliyemlilia. Ndugu yangu, wewe unavijua vilio vya kwetu: turubai linafungwa katikati ya barabara, viti vya plastiki vinapangwa mpaka mlangoni kwa jirani, wamama wanapika sombe, majani ya muhogo, katika sufuria ambazo mtoto anaweza kuogea ndani, na asiyemjua marehemu ndiye analia kuliko wote ili asikose chai. Hiki hakikuwa hivyo. Viti vilikuwa vichache na nusu yake vitupu. Mjane alikaa juu ya mkeka, na waliokuja walikuja kwa ajili yake, si kwa ajili ya mumewe. Nyuma yangu mzee mmoja alikuwa akimweleza kijana, "Ni ule shofere aliuaka bamama ku njia ya Sakania." Miaka zaidi ya thelathini, na hilo ndilo lilikuwa bado jina lake.

Huyo shofere alikuwa jirani yetu. Ukuta wa matofali ya udongo ulitenga lupango yake, yaani kiwanja chake, na yetu, na ukuta wenyewe ulikuwa mfupi hata kuku walikuwa hawautambui. Alikuwa na lori moja, kuukuu, lenye pua ndefu, silinda sita, linalokunywa petroli kama bwana harusi anavyokunywa bia. Sisi tuliliita tu kamyo. Na kamyo hilo lilikuwa na adui mmoja: baridi. Watu wa mbali hudhani kwetu hakuna baridi. Waje Lubumbashi mwezi wa sita, saa kumi na mbili asubuhi, waoshe uso kwa maji ya ndoo, halafu ndipo tuzungumze.

Asubuhi kama hizo lori lilikataa kuwaka mpaka buji zake zipashwe moto. Buji, wengine husema plagi, ni kile kidude cha chuma chenye shingo nyeupe ya kauri kinachotoa cheche ndani ya injini. Ikilowa au ikishika masizi, cheche hakuna, na bila cheche lori ni kibanda tu chenye magurudumu. Shofere alikuwa na mikono mipana kama koleo, kila akiiingiza kule ndani alichubuka na kutukana. Mikono yangu mimi ilipita vizuri. Nilikuwa na miaka tisa. Basi kazi ikawa yangu: kupanda juu ya mdomo wa lori, kufungua buji zote sita, kuzipanga kwa zamu yake juu ya kifuniko cha sufuria, na kuzipeleka kwetu kwa nkambo.

Nkambo, mama wa mama yangu, alikuwa amekwisha kuwasha mbabula, jiko letu la makaa. Nilizichomeka buji katika makaa, pembeni ya sufuria ya uji, na harufu ya petroli ilipanda na kuingia katika uji wetu. Mpaka leo nikinywa uji usio na harufu ile naona kama kuna kitu wamesahau kutia. Nkambo hakuacha kulalamika hata siku moja. "Miye napika uji ama napika kamyo?" Lakini alinipa koleo lake la makaa, na mswaki wake wa zamani wa kusugulia, na siku ambayo sikuleta buji aliuliza kama kuna mgonjwa kwa shofere.

Nilizijua buji zile kama unavyojua ndugu zako. Nne za kwanza zilitoka kavu, rangi ya biskuti, hazikuwa na shida na mtu. Ya sita ilikuwa na masizi mepesi yanayofutika kwa kidole. Ya tano ndiyo iliyonichosha. Kila asubuhi ilitoka imelowa mafuta meusi, yanayong'aa, yenye harufu ya kuungua. Niliichukia kama unavyomchukia mdogo wako anayekojoa kitandani, kwa sababu ni wewe unayeanika godoro. Niliiacha katika moto kuliko wenzake, nikaisugua kwa majivu, nikaipuliza, mpaka ikawa kavu kama zile nyingine. Shofere alizipokea bila kuziangalia sana. Alicheka, akanipa karanga kiganja kizima, akawaambia wapita njia, "Kamyo yangu iko na daktari wake. Munamuona? Njo huyu." Na mimi nilitembea siku nzima nimeinua shingo.

Mama yangu alipanda lori hilo. Yeye na wenzake walikwenda Sakania, mpakani, kununua unga, sabuni na mafuta ya kupikia, wakarudi wamekaa juu ya magunia, wanaimba. Mama hakuwa mtu wa kunyamaza. Ni yeye aliyesikia kwanza ule mlio, tik-tik-tik, mwepesi, kama mtu anayegonga kucha juu ya sahani. Lori likipanda mlima mlio uliongeza mbio, likisimama ulipungua lakini haukwisha.

"Mashini ya zamani inasemaka, mama," shofere alimtania. "Muzee akinyamaza, ujue amekufa."

"Basi uyu muzee aseme mbele ya fundi," mama akajibu. "Bila vile, shiye hatupande."

Wenzake wakamuunga mkono. Shofere hakukasirika. Kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe mtaa wa Kenya, mle mle mjini, kule kwenye magaraji, akamleta fundi. Nataka ukumbuke hilo, ndugu yangu, maana baadaye watu wote walilisahau: alimleta fundi.

Fundi alikuwa mtu mwembamba, mpole, asiye na haraka. Alimwambia shofere awashe lori, akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akauweka sikioni, macho amefunga. Alihama polepole, silinda moja baada ya nyingine. Alinionea huruma jinsi nilivyokodoa macho, akaniwekea mpini sikioni. Loo! Tik-tik ile ilikuwa imegeuka nyundo. Ilitoka nyuma, kwenye silinda ya tano.

Alituelezea sote kama mwalimu. Valvu ndiyo inayogonga, alisema. Lakini kuna magonjwa mawili. Kama imelegea tu, nitaikaza sasa hivi na mtaondoka. Kama njia inamotembea imelika, valvu inayumba, siku moja itakatika na kuangukia ndani, na injini itakufa papo hapo. Sikio haliwezi kuyatenga hayo mawili. Buji ndiyo inayotenga. Njia ikilika, mafuta yanapita na kuilowesha buji. "Buji haijuake kudanganya," alisema.

Akaifungua ya tano. Ilikuwa kavu, nzuri, rangi ya biskuti. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka kuichoma muda si mrefu, na siku hiyo niliichoma zaidi kuliko siku zote, kwa sababu nilijua fundi anakuja na nilitaka asifie kazi yangu. Aliigeuza mkononi mara mbili. Naona ukavu ule ulimshangaza. Akamuuliza shofere kama ilikuwa inalowa siku za nyuma. Shofere akacheka, akanionyesha mimi. "Uliza daktari. Ye njo anazifunguaka."

Fundi akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. "Mutoto, iko buji moya yenye kutokaka na mafuta?"

Nakwambia ukweli, sikujua kwamba watu watakufa. Lakini nilijua kwamba nikisema ndiyo, lori halitakwenda. Nilikuwa nimesikia vizuri, nilikuwa mtoto mwenye akili. Na Jumapili ya pili yake ilikuwa komunyo yangu ya kwanza, na mama alikuwa ameniahidi viatu vyeupe kutoka Sakania. Wasichana wote wa darasa la katekisimu walikuwa na viatu tayari. Mimi peke yangu nilikuwa na kandambili.

"Hapana," nikasema. "Zote zinatokaka zikavu."

Fundi akaamini. Akakaza, akapima nafasi ya valvu kwa kibati chembamba, tik-tik ikapungua. Haikwisha, lakini ilipungua. "Kama buji ni mukavu, mutaenda na mutarudia," akasema, akanawa mikono kwa majivu na maji ya nkambo.

Walikwenda vizuri. Walikuwa wanarudi, wamepakia, wanapanda mlima mmoja baada ya daraja, injini ikatoa kishindo kimoja kama sufuria imeangushwa, ikazima. Injini ikizima katika lori kama lile, freni inakuwa ngumu kama unakanyaga jiwe. Lori likarudi nyuma, likaacha barabara, likapinduka. Wamama watatu walibaki chini ya magunia ya unga. Mmoja wao alikuwa mama yangu. Katika furushi lake walikuta viatu. Nilivivaa siku ya komunyo, kwa sababu nkambo alisema marehemu alitaka hivyo, na wamama wote kanisani walilia waliponiona.

Shofere alitoka amevunjika mguu. Alikuja kwenye kilio chetu kwa magongo, akataka kueleza juu ya injini, juu ya freni. Watu hawakumwacha amalize. Wakasema alikuwa amelewa. Mtu yule alikuwa hanywi hata munkoyo uliochacha, kile kinywaji cha mahindi! Wengine walikwenda kumuuliza fundi, na fundi, masikini, alisema alichokiona: buji zilikuwa kavu, injini haikuwa na ugonjwa. Basi hakuna aliyeuliza tena. Kama si injini, ni shofere. Nkambo alisimama, yeye aliyempikia buji zake pamoja na uji wetu, akanyoosha kidole kwenye mlango wa lupango. Vijana wakamsukuma mpaka barabarani, gongo moja likabaki ndani. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na gongo lile. Nilinyamaza.

Hakuendesha tena. Nani angepanda? Alihamia pembe nyingine ya Kamalondo, akawa anasukuma baiskeli ya makaa, magunia matatu, na ule mguu. Nilipokuwa tayari nimeolewa, alipita mbele ya nyumba yangu, akanitambua kabla sijajificha. "Daktari wa kamyo yangu! Uko muzima?" Nikanunua gunia lote ili aondoke. Hakuondoka mara moja. Alijifuta jasho, akauliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji, "Zile buji, mutoto yangu. Kweli zilikuwaka zikavu?" Nikasema, ndiyo, baba. Safari hii sikuwa na miaka tisa.

Sasa malori yanayokwenda Sakania ni ya dizeli, hayana buji. Nkambo alikufa zamani, lupango tuliiuza, na penye mbabula yake kuna kibanda cha kuchajia simu. Watoto wa mtaa hawajui chuma kikipata moto kinanuka vipi. Hayo yote nimeyazoea. Nilichokuwa sijazoea ni kukaa kwenye kiti cha plastiki na kusikia jina lile, huku mwenyewe amelala ndani ya sanduku.

Nikasimama. Nilisema yote, kutoka mwanzo, mbele ya wachache waliokuwepo: mafuta meusi, fundi, viatu, swali la mwisho la shofere na jibu langu. Kabla sijafika mwisho mama mmoja alikuwa amenishika mkono. "Kaa chini, mama, pole. Ulikuwaka mutoto." Mzee yule wa nyuma yangu akasema Mungu anajua. Mwingine akasema mimi ndiye niliyepoteza mama, nimeadhibiwa tayari. Wakaniletea maji. Walinisamehe kabla sijafunga mdomo, na hata lile jibu la ukubwani, lile la mlangoni kwangu, hakuna aliyeligusa.

Mjane alijiinua kidogo juu ya mkeka. Akaniangalia mimi, kisha akawaangalia wao.

"Kumbe kusamehe ni nyepesi vile," alisema. "Na ye, munamunyima mupaka anaingia mu kaburi."

Nilikaa na kikombe cha maji mkononi, na nilitamani mtu mmoja, hata mmoja tu, asimame anishike bega anisukume mpaka barabarani. Waliniuliza kama nitakula.