Ami yangu aliniozesha kwenye tamthilia ya mafia, na baba alikuwa anatazama

Rimoti ilianguka sakafuni ikalia tap! Kifuniko kikaruka, betri mbili zikabingirika juu ya saruji, krrrr, mpaka zikagonga mguu wa kabati. Hakuna aliyeziokota.

Mpaka leo nikisikia kitu kinabingirika sakafuni, naitazama kwanza sura ya baba.

Wakuu, salaam aleikum, na wale wa dini nyingine habari zenu pia. Mimi humu huwa msomaji tu, nacheka na nyuzi zenu halafu naondoka kimyakimya. Leo nimeleta wangu. Yote haya yametokea kwetu Mwabungo, kwa watu wangu mwenyewe, sijaongeza chumvi. Majina tu nimeyageuza, maana baba siku hizi ana simu ya maana.

Haya, nianze.

Nina miaka ishirini na mbili. Shule nilifika kidato cha nne, matokeo tuyaache yapumzike. Baba ni fundi seremala, anatengeneza vile vitanda vya ufuoni vya hoteli za Diani. Mtu wa maneno machache. Mdogo wake, ami Bakari, ni kinyume chake kabisa. Ana tuktuk pale Ukunda, na mdomo wake hauzimiki hata injini ikizimika.

Mwaka jana wakaja watu wa kupiga tamthilia, wakakodi jumba moja la ghorofa huko Galu. Nikapata kazi ya kuwapikia chai na mahamri. Baba alijua, akaniombea dua, mambo sawa.

Tamthilia yenyewe ni ya mafia. Jina silitaji kwa sababu nilitia sahihi karatasi. Kwa ufupi, kuna tajiri anaitwa Mzee Tosha, anavusha sukari ya magendo mpakani. Nyumbani kwake ana sheria moja: anayeipenda familia hufunga mdomo. Sasa Mzee Tosha anatiwa jela, na mdogo wake anashika biashara. Huyo mdogo mtu, kwa tamaa zake, anamuozesha Rehema, binti wa kaka yake, kwa kijana wa familia ya maadui, ili wagawane njia za sukari. Na Mzee Tosha huko jela hajui lolote.

Shikeni hapo.

Dada wa Nairobi aliyekuwa acheze Rehema alipata kazi kwingine, hakutokea. Siku hiyo mimi niko jikoni namuigiza Mzee Tosha mbele ya wapishi wenzangu, nimeshika mwiko kama sigara kubwa. Kumbe dairekta, kijana wa bara, amesimama mlangoni.

"Wee msee wa chai," akasema, "hebu rudia hiyo."

Nikarudia. Jioni nikapewa script.

Wakuu, mimi tangu utotoni nalia mbele ya kioo cha kabati machozi ya kweli, kisha najipigia makofi mwenyewe. Ile script niliilalia chini ya mto kama pesa za harusi.

Lakini nyumbani ulimi ulikauka. Baba mtu wa msikitini, swala haimpiti. Nikajiambia, huyu hawezi kukubali. Nikamwambia ami peke yake.

"Mwanangu," ami akasema, "kaka tumwache na mbao zake. Akijua atazuia. Wewe cheza, mimi nitakufunika."

Na akanifunika kweli. Asubuhi ananipeleka na tuktuk, jioni ananirudisha. Baba akiuliza, anajibu yeye, "Yuko na birika lake, kaka." Miezi miwili! Mimi nikaona huo ndio upendo. Nikaona ami ndiye mtu wangu mwaminifu kuliko wote.

Siku ya kupiga harusi, mzee aliyekuwa acheze ami yake Rehema akashikwa na homa. Dairekta akazungusha macho, akamuona ami Bakari kando anakula pilau ya watu.

"Huyu buda ana sura ya mafia kabisa!"

Ami hakuombwa mara mbili. Aliruka na tuktuk, nusu saa akarudi amevaa kanzu safi na kofia ya vito, hata mimi nikamwogopa.

Tukakaa. Kadhi wa kuigiza akasoma khutba. Ami akamshika mkono Salim, kijana wa Msambweni aliyekuwa bwana harusi wangu, akayatamka maneno yote ya kuozesha. Salim akajibu amekubali. Maneno yenyewe, si ya kubuni. Hakuna aliyewaza mara mbili. Dairekta akapiga kelele "Kata! Safi sana!", wapishi wakapiga vigelegele, tukaenda kula.

Ikafika Jumapili ya sehemu hiyo kuonyeshwa, saa kumi alasiri. Baba hatazami tamthilia, yeye ni taarifa ya habari basi. Nilikuwa na amani yangu nachambua mchele.

Mara jirani yetu Mama Riziki huyo, anaingia mbio, leso imebaki bega moja.

"Washeni tivii! Mejumaa yumo! Mejumaa amekuwa staa!"

Aliyewasha ni baba mwenyewe. Tena anatabasamu, akidhani nimeonekana kwa mbali nikigawa chai. Mimi nikabaki na ungo mkononi.

Akaniona nimevaa shela. Akamuona mdogo wake kwenye busati, ameshika mkono wa mwanamume. Akayasikia maneno.

Ndipo rimoti ilipoanguka.

"Bakari amemuoza mwanangu," baba akasema, polepole, kama mtu anayesoma barua. Akavaa makubazi, akatoka.

Mama akanigeukia. "Mejumaa. Ndoa katika dini yetu haina mzaha. Sasa wewe ni mke wa nani?"

"Mama, ni mchezo ule!"

"Mchezo. Mwenye kuozesha mtu wa damu, mashahidi wamejaa ukumbi, bwana amekubali. Kilichobaki ni nini, biriani?"

Mama Riziki akakaa chini pu. Hata yeye hakuwa amelifikiria hilo.

Chekeni, ruhusa. Mimi sikucheka. Usiku ule nililala nikijiuliza, je kama kweli? Je, nimeolewa na mtu kwa sababu kamera ilikuwa inawaka?

Asubuhi yake naenda kununua mbaazi, dada wa mahamri ananiita mbele ya watu, "Mke wa Salim, leo mnakula ngapi? Au bwana amezoea mkate?" Watu hoi.

Salim naye akapiga simu, sauti ya mgonjwa. Ana mchumba, posa ilishapelekwa. "Mejumaa, mama mkwe ameniuliza nilipanga kumwambia binti yake lini kwamba yeye ni mke wa pili. Fanya kitu, dada yangu."

Baba hakugomba. Afadhali angegomba. Alisema mara moja tu, "Huendi huko tena mpaka nijue wewe ni mke wa mtu au si mke wa mtu."

Ami akija, baba anaingia karakanani, anawasha msumeno wa umeme. Ami anabisha hodi, msumeno unalia. Anabisha tena, unalia zaidi. Hawa ni ndugu ambao tangu nizaliwe sijaona wakipitisha siku bila kunywa kahawa pamoja. Sasa siku ya pili, ya tatu, ya nne, kila mtu na kikombe chake.

Na dairekta naye hakukaa kimya. "Mejumaa, kama hutakuja kufikia Ijumaa, itabidi Rehema agongwe na lori. Sina namna."

Kwa hiyo wiki hiyo ndoto yangu ilikuwa chini ya lori, na baba na ami hawasemezani. Chanzo ni mimi.

Alhamisi mama akakata shauri, twende kwa maalim mmoja Msambweni. Baba akapanda boda, hakutaka hata kuigusa tuktuk ya mdogo wake. Mimi na mama tukaenda na ami. Njia nzima hakusema neno. Mara ya kwanza maishani mwangu nilisikia injini ya ile tuktuk inavyolia.

Maalim mwenyewe ni kijana, mdogo kuliko baba. Tulimkuta anasahihisha daftari za watoto. Akasikiliza yote, mara mbili akijifunika mdomo na kalamu, nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Akaniuliza mimi, "Aliyetajwa kwenye akdi ile ya ndoa ni nani?"

"Rehema binti Tosha."

"Na wewe ni nani?"

"Mejumaa binti Hamisi."

Akamgeukia ami. "Na wewe, huyu kaka yako alikupa uwakili umuozeshee binti yake?"

"Hapana, maalim."

"Yuko hai, yuko hapa hapa, ana akili zake, na hakukupa uwakili. Basi wewe umeozesha nini, mzee?"

Ami akatazama vidole vya miguu.

Maalim akasema hapo hakuna ndoa. Kisha akatukaripia, kwamba haya ni maneno mazito, si vyombo vya kuchezea, na mkiigiza tena mlango ufungwe kabla hayajatamkwa, watazamaji wataelewa wenyewe.

Mama akasema alhamdulillahi kwa sauti mpaka watoto wa madrasa wakachungulia. Ami akapumua kama tairi. Mimi nikaanza kulia na kucheka pamoja.

Baba hakufanya chochote.

"Mzee Hamisi," maalim akasema, "mbona hufurahi?"

Baba akaivua kofia, akaiweka gotini. Halafu akasema, na haya maneno nimeyashika vile vile:

"Maalim, sikuja kwa ajili ya ndoa. Mimi si mjinga, najua tamthilia ni tamthilia. Mama yake alikuwa na hofu, na watu wana midomo, nikataka lisemwe na mwenye elimu. Mimi kilichoniuma ni kingine. Mwanangu na ndugu yangu walikaa kitako, wakanihukumu kwamba nitakataa. Miezi miwili. Mimi nipo ndani ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza."

Maalim akalifunga daftari lililokuwa mbele yake.

"Ungekubali?" nikauliza.

"Sijui. Ningeuliza maswali. Pengine ningekataa wiki moja." Akanitazama. "Lakini ningekuwa baba yako wiki hiyo nzima."

Wakuu, hapo ndipo nilipolia kilio chenyewe, siyo kile cha kwenye kioo.

Ami akashuka kwenye kiti, akamshika baba mkono. "Kaka, nilidhani namlinda mtoto. Nisamehe."

Baba hakuuvuta mkono. Akasema, "Na ile kanzu ni yangu."

Ami akainama zaidi.

"Uliniambia unaenda nayo mazishini, Bakari. Nikakupa na pole."

Maalim akashindwa. Akacheka mpaka kalamu ikamdondoka, na baba naye, nawaapia, bega lilianza kumtikisika. Kurudi alipanda tuktuk. Kiti cha mbele, karibu na mdogo wake, wamebanana, na ami anaongea tangu Msambweni mpaka mlangoni petu bila kituo.

Baba alitoa sharti moja. Kila script ikija, nimsomee yeye kwanza. Basi siku hizi baada ya alasiri nakaa karakanani juu ya rundo la mbao, nasoma sauti zote, yeye anapiga randa. Anawagombeza wote. "Huyu Mzee Tosha mpumbavu, amewafundisha watoto kufunga mdomo, sasa nani atamwambia nyumba inaungua?" "Huyu Rehema mbona hamwandikii baba yake barua?" Namwambia, baba, ndivyo hadithi ilivyo. Anasema hadithi mbaya, kisha anauliza kesho inakuwaje.

Dairekta nilimweleza ya maalim, akaelewa. Siku hizi nikaha zikipigwa, mlango unafungwa, tunasikia vigelegele tu. Lori lilifutwa. Salim alioa mchumba wake, na mimi nilikwenda, nikala biriani ile iliyokuwa imebaki.

Nililojifunza ni hili. Kwenye ile tamthilia kila mtu anasema anaipenda familia, na kila mmoja anamficha mwenziwe kitu kwa jina la mapenzi. Nikiitazama nilikuwa nasikitika, nasema watu gani hawa. Kumbe nilikuwa natoka pale kwenye set naenda kuicheza vile vile nyumbani, bila kamera. Ami alinipenda kweli, silikatai. Lakini kunifunika kwake kulimwacha baba peke yake nje. Sasa hivi nikiona mtu wangu ananiambia "tusimwambie fulani, tutamuudhi", naogopa kuliko bastola za Mzee Tosha.

Haya wakuu, uwanja wenu. Wewe uliwahi kumficha mzazi jambo ukidhani unamjua jibu lake? Alipojua ilikuwaje? Na wenye elimu ya dini, kama nimekosea kueleza maneno ya maalim nisahihisheni taratibu, mimi mtoto wenu. Wa kutania mke wa Salim pia mkaribie, nimeshazoea.

Niongeze hili ndio niwaachie. Siku ya kwanza ya kurudi kazini, mama alikuwa ameshaenda sokoni Kombani. Baba alitoka alfajiri kupeleka vitanda hotelini. Ami bado hajafika. Nilikuwa nimeshafunga mlango, ufunguo uko mkononi.

Nikafungua tena. Nikaingia mpaka katikati ya ukumbi, hakuna mtu, sufuria zimepinduliwa, kiti cha baba kitupu.

Nikasema kwa sauti, "Baba, naenda kuigiza."

Kisha nikafunga mlango, nikaenda.