Waliokandika Nyumba ya Wamaza

Baba yangu alizaliwa Nyangwe, mama yangu huko Wamaza. Mimi sikusoma, ninasema, nawe mjukuu wangu unaandika.

Mwalimu wako wa Kiingereza alitaka sentensi inayoeleza kitu kilifanywa na nani, na kwa kitu gani. Ulinisomea yako, kisha ukaifasiri: nyumba yetu ya Wamaza ilijengwa na babu kwa miti na udongo.

«Babu yako alikata miti, akaenda Lusangi kuchimba dhahabu,» nilikuambia. «Udongo ulikandikwa na mimi na dada zangu wawili. Aliporudi, alikuta nyumba imekwisha, mlango umefungwa, akabisha hodi.»

«Bibi, mwalimu anataka mutu mumoja tu.»

«Basi umutoe babu.»

«Tukiandika wote, sentensi itakuwa ndefu sana.»

«Kuta nazo zilikuwa ndefu.»

Uliandika wote wanne. Mwalimu aliwakata dada zangu kwa wino mwekundu.

Dada zangu wamekwisha kufa, na tangu tuhamie Kasongo mvua imeiangusha nyumba ile. Kwa hiyo lihifadhi daftari hilo. Wino wa mwalimu usiufute. Juu yake, uwaandike tena dada zangu wote wawili.