Ubishi wa Baba na Baba Mdogo juu ya Mrushaji

Sebule yetu ya Alief, mtaa wa Houston, ilinukia sombe ya majani ya muhogo na samaki mkavu kila Jumapili baada ya ibada, na katikati ya harufu hiyo ndugu wawili walibishana kuhusu besiboli. Baba alijifunza mchezo huo kwa wenzake wa bohari. Mdogo wake, baba mdogo Amani, alijifunza kwa Baba, kisha akageuka kumbishia. Katika ligi ya timu yetu ya Houston, mrushaji mpira hakushika kigongo. Zamu yake ya kuupiga mpira ilipofika, alipigiwa na mwenzake. Ligi nyingine, wakati ule, ilimtaka apige mwenyewe hata kama hajui. Baba aliisifu hiyo ya pili. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini," alisema. Baba mdogo alicheka, akimwita kaka yake kwa heshima: "Kidole kimoja hakivunji chawa, yaya." Mimi, msichana wa miaka kumi na mitatu, niliwaletea chai na kujiamulia kimoyomoyo nani kashinda.

Mwishoni mwa 2019 mashine ya bohari ilimkata Baba vidole vitatu vya mkono wa kulia. Mama alikuwa na zamu zake za kutunza wazee, hivyo baba mdogo ndiye aliyempeleka kliniki, na ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Jumapili moja Baba alianza tena kuwabeza warushaji wanaopigiwa. Baba mdogo, labda kwa uchovu, akasema, "Hata wewe, yaya, sasa unapigiwa." Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. "Toka mu nyumba yangu," Baba alisema kwa sauti ndogo.

Baba mdogo alipiga simu mara nyingi. Baba alinipa niipokee: "Mwambie nimelala." Nami nilimwambia, kwa Kiingereza ili uongo uwe mwepesi, huku Baba ameketi mbele yangu macho wazi. Mara ya mwisho, katika kiangazi cha korona, baba mdogo alikohoa kwa muda mrefu ndipo akasema, "Sawa, mama. Akiamka, umwambie nilipiga." Siku tisa baadaye alifariki hospitalini. Mazishi tuliyatazama kwenye simu.

Mwaka huohuo ligi zote mbili ziliruhusu mrushaji apigiwe, na leo kanuni ni moja kotekote. Hakuna cha kubishania, wala wa kubishana naye. Sasa nasomea uuguzi. Jumapili Baba hunisogezea sahani nimkatie nyama, bila aibu. Kuhusu kikohozi kile, sijamwambia mpaka leo.