Nilivyokataa Kuhesabu Watu wa Kaunti Yake

Nilimhudumia ajuza mmoja katika nyumba ya wazee, Saint Louis Park, huku Marekani. Kwao ni kaunti ya mashambani kule Kanada. Hakujaaliwa watoto, na mume alishatangulia. Nilimwita Nyanya, naye akapenda.

Kila nikimwogesha, alinipitisha kwa maneno kaunti nzima, nyumba kwa nyumba. Hapa waliishi wenye kinu cha kusagia nafaka. Pale mjane mfuga bata. Shule ikafungwa, reli ikang'olewa, kanisa likageuzwa ghala la nyasi. Vijana wakaenda mijini, basi. Kitabu cha historia ya kaunti, alisema, kiliwataja wakubwa tu; wengine wote alikuwa nao yeye kichwani, na kichwa chenyewe kimeanza kuchoka.

Siku moja akaniambia, "Chukua kalamu, binti. Andika kila nyumba na idadi ya watu wake, waliokufa na waliobaki, kabla sijasahau."

Jameni! Kwetu Kenya, kwa wazee walionilea, watu hawahesabiwi. Mama yangu ukimuuliza ana watoto wangapi, anakujibu, "Wapo, Mungu anawalinda." Kuhesabu walio hai ni kukiita kifo. Miaka yote hii Marekani, nadrive kutoka kwangu Blaine kila asubuhi, cheti cha uuguzi kiko ukutani, na bado mkono ulikataa kalamu.

"Kesho, Nyanya," nikasema. Kesho ikazaa kesho. Akawa ananinunia hadi chai inapoa. "Unadhani nafanya mchezo?" aliniuliza. Nami nikamjibu kwa ukali, Mungu anisamehe, kwamba nina wagonjwa wengine wanaoningoja.

Baada ya Krismasi akaanza kuchanganya nyumba. Mjane akahamia kwenye kinu. Nikashtuka. Nikanunua daftari, nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Haya Nyanya, tuanze. Nyumba ya kwanza kutoka barabarani ni ya nani?"

Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni mlangoni.

"Barabara ipi?"

Nilijaribu wiki nzima. Maji yakimwagika hayazoleki.

Alifariki theluji ikiyeyuka. Nilikaa ndani ya gari, nikaandika wote niliowakumbuka, nikilia kwa hasira, hasira juu yangu mimi mwenyewe. Kisha nikawahesabu, kwa sauti, mmoja mmoja.

Kaunti nzima, nilipata watu tisa.