Vikaratasi vya Mwalimu Bukuru

Naikumbuka mpaka leo ile siku ya vikaratasi, mwanangu Rehema. Imenirudia jana nilipokuona mkekani na mkasi, unakata karatasi za maigizo kwa ajili ya wanafunzi wako wa historia pale chuoni. Ulisema umechoka kuwaona wanasinzia. Nikafumba macho, ukadhani nimepitiwa na usingizi. Uzee una raha zake.

Sisi tulisomea ualimu hapa hapa Kigoma. Mwalimu wetu wa historia, Mwalimu Bukuru, alikuwa kijana kutoka Kasulu, na utamu wa darasa lake sijauona tena. Tulisukuma madawati ukutani, tukageuka wakulima, manahodha na machifu, tukabishana mpaka sauti zikatukauka. Jamani, siku zile! Niliamka nikiwaza kipindi chake tu.

Siku hiyo aliingia na kofia imejaa vikaratasi. Somo lilikuwa misafara ya pembe na watumwa iliyopita Ujiji. Kila mtu achomoe chake: tajiri, mpagazi, mtumwa. Rafiki yangu Tausi, niliyekaa naye dawati moja, akachomoa mtumwa. Vijana wakaangua kicheko, mmoja akamfunga mikono kwa kanga.

Mwalimu hakujua jambo ambalo sisi wa Ujiji tunakua nalo: hapa mtu haulizwi babu zake walivukaje ziwa. Wajukuu wa waliofunga na wa waliofungwa wanaswali safu moja na wanaoana, na habari hiyo haiguswi barazani.

Tausi alijifungua ile kanga, akaikunja vizuri, akatoka. Kesho yake hakuja. Nilipomfuata kwao akaniambia, "Chuo basi, shoga. Nitauza dagaa na mama." Nililia njia nzima. Nilimpenda Tausi kama ndugu, na ualimu tuliuota pamoja tangu tukiwa wadogo.

Mwalimu alipoelezwa hakujitetea. Aliniomba nimpeleke, akakaa ukumbini mbele ya bibi yake Tausi.

"Shikamoo, bibi. Nimekosa. Nimefanya mchezo kwa kitu kisicho mchezo."

"Marahaba," bibi akajibu. "Mtoto atarudi. Lakini hayo mambo usiniulize, mwalimu. Sijawa tayari."

Basi akabadilisha zoezi. Kila mmoja aende kwao, amwombe mzee ruhusa kwanza, ndipo aulize wazee wetu walifikaje ziwani. Aliyejibiwa alete jibu, na aliyekataliwa alete hilo hilo la kukataliwa. Tausi alirudi, akakaa peke yake karibu na mlango. Zamu yake ilipofika akasema kwa sauti ndogo, "Bibi yangu amesema hajawa tayari."

Mwalimu akayaandika maneno hayo ubaoni pamoja na majibu mengine, kisha akatuuliza: kwa nini mtu akae na jambo miaka yote hiyo bila kulisema? Wale wale waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kujibu, tena kwa adabu. Kengele ilipigwa, hakuna aliyeinuka. Katikati ya mazungumzo Tausi alibeba daftari lake akarudi kwenye dawati letu.

Mwaka tuliomaliza, bibi alimwita Tausi chumbani, akamsimulia. Alimwambia nini, sijui. Tausi hakunieleza, nami sikumuuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi. Sukuma madawati, waache wabishane, watume kwa wazee wao huko Ilagala na Buzebazeba. Ila maumivu ya watu usiyachezeshe bahati nasibu. Waombe ruhusa kwanza, na anayenyamaza umpe nafasi yake darasani. Kile kikaratasi cha mtumwa nimekiona. Kitoe kabla ya kesho.

Mungu akupe darasa lenye kelele, akupe na wanafunzi wanaorudi.