Matundu Nane Nyuma ya Sinki

Walimwita Tochi, hata mkewe alimwita hivyo, maana kifaa hicho hakikumtoka mkononi. Kazi yake ilikuwa kukagua majengo ya fleti, kuona kama moto ukiwaka nyumba moja utabaki humo humo au utajipenyeza kwa jirani. Aliangalia kule wenye nyumba wasikoangalia: juu ya dari, nyuma ya sinki, ndani ya shimo refu la mabomba linalopanda kutoka chini hadi ghorofa ya mwisho. Akikuta tundu halikuzibwa, hulipiga picha na kuliandika. Mafundi walimkwepa kwa ulimi wake. "Hapa mtu kalipua kazi," husema, tena kwa sauti, ili aliyelipua asikie.

Siku hiyo alipangiwa jengo la ghorofa nane. Katika kila jengo hufunguliwa fleti chache tu, kwa kura, kwa kuwa nani atakubali kuta zake zote zitobolewe? Kura iliangukia fleti tatu. Mbili, za upande wa pili wa jengo, hazikuwa na kasoro. Ya tatu ilikuwa ya dada yake mkubwa, ghorofa ya sita.

"Karibu mdogo wangu, usinichafulie tu," dada alisema huku akitandaza magazeti jikoni.

"Shemeji, ukibomoa nyumba yangu nitakukimbiza kwa huu mguu mmoja," mumewe alitania kutoka kitandani. Alikuwa amepooza upande mmoja, na ule ulikuwa mwaka wa nne hajashuka ngazi.

Nyuma ya mlango palibandikwa karatasi ya maelekezo: moto ukiwaka fleti nyingine, funga mlango, kaa ndani, subiri waokoaji. Dada aliigusa akipita. "Mimi tegemeo langu ni hii. Simwezi huyu kumshusha ghorofa sita. Ila silali na wasiwasi, jengo lenyewe si ulilifanyia kazi wewe?"

Ni kweli. Miaka ishirini na mbili nyuma alikuwa fundi bomba hapa, na mabomba ya upande huu yote aliyapitisha yeye. Tochi alicheka, akapiga magoti, akagonga ukuta nyuma ya sinki. Ulilia kama debe tupu. Akatia bisibisi, plasta ikamong'onyoka, na nyuma yake akavuta karatasi ya mfuko wa saruji, imefinyangwa, kavu kama majani. Alipomulika, mwanga ulishuka ndani ya shimo ghorofa kwa ghorofa. Kwenye bomba palikuwa na mshale wa penseli wenye vistari viwili. Alama yake mwenyewe.

Yote yakamrudia. Saruji ilikuwa imekwisha, msimamizi akiwafokea wamalize kabla mhandisi hajaja kesho yake. Alifinyanga karatasi, akaisokomeza tunduni, akapaka plasta nyembamba juu, akapanda ghorofa ya pili, akafanya hivyo hivyo, hadi ya nane. Jioni alisifiwa kwa wepesi wake.

"Ndiyo maana nasikia harufu ya vitunguu vya jirani wa chini," dada alisema, ameinama nyuma yake. "Kumbe haipiti dirishani."

Tochi alibaki magotini. Akiandika tundu moja, litazibwa moja, na hakuna atakayeuliza zaidi. Saba yatabaki, na moshi utapanda kwa nyumba saba zilizofunga milango na kusubiri. Ili kuta hizo zifunguliwe ni lazima aseme amejuaje, na akisema, kibali chake cha ukaguzi kimekwenda. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Dada, hili tundu nililitoboa mimi. Na karatasi niliiweka mimi. Yapo manane, kila ghorofa."

Dada hakupiga kelele. Alikaa juu ya magazeti. "Miaka yote hii nafunga mlango huu nikisema mdogo wangu alijenga hapa."

Tochi aliandika pale pale, juu ya meza ya jikoni: *Matundu yako ghorofa zote nane za upande huu. Nayajua kwa sababu niliyaacha mimi.*

"Ungeandika moja tu, nani angejua?" mkuu wake alimwambia kwa huzuni, akipokea kile kibali. Kuta zilifunguliwa. Yalikuwa manane, na karatasi nane.

Mafundi walipomaliza kuziba, dada alimwita. Alikuja bila sare, ila tochi anayo. Chini jirani alikuwa anakaanga, waliusikia mlio wa kikaango kupitia dirisha. Dada akalifunga dirisha, akasimama karibu na sinki akinusa.

"Sasa tutajuaje jirani kapika nini?" shemeji aliuliza kutoka chumbani.

Tochi alipiga magoti, akamulika mzunguko wote wa bomba, akapitisha kidole. "Pamezibwa, dada."

"Angalia tena."

Akaangalia tena.

"Tena," dada alisema, na Tochi akawasha tochi yake upya na kuanza mwanzo.