Maziwa ya Moto na Kioo cha Bwana Afya

Wakati ule kila kitu kilikuwa ruksa. Mitumba ruksa, maduka ruksa, na mwenye ndoo na mdomo tayari alikuwa mfanyabiashara. Basi mnunuzi mmoja akafungua kibanda cha maziwa pale Bulyaga. Bwana afya akaletwa atulinde, kijana wa koti jeupe, na kijiti chake cha kioo cha kupimia maziwa. Kioo kikielea juu, maziwa ni safi. Kikizama, umetia maji. Ukikamatwa mara tatu, jina linafutwa kwenye daftari la wauzaji. Mimi shule niliiachia darasa la pili, kwa sababu ya mwalimu mmoja na fimbo yake, lakini hayo tuyaache. Hesabu ya mpaka tatu niliijua.

Sasa, kwetu maziwa ya kweli ni yale yenye joto la ng'ombe. Nikikamua tu, nafunika ndoo kwa jani la mgomba na kutimua mbio kutoka Kawetele. Siku ya kwanza kioo kikazama.

"Mzee, umetia maji."

"Maji ya wapi, mwanangu? Shika ndoo, bado ya moto!"

"Kioo hakidanganyi, mzee."

Ni kweli, kudanganya kunahitaji akili. Jirani yangu, ambaye maziwa yake yalilala chunguni tangu jana, akapita kipimo huku ananichekea. Kesho yake nikafanya jambo la busara: nikakimbia zaidi. Kioo nacho kikazama zaidi. Jioni habari ilikwishafika kanisani, na mimi ndiye mzee wa kanisa niliyekuwa nawaombea waliopotea.

Siku ya tatu, ile ya kufutwa, nikamkuta mkamwana wangu kijitoni anachota maji. Kwetu baba mkwe na mkamwana hawakutani njiani. Nikajificha migombani na ndoo yangu, kama mwizi kamili. Akaja shoga yake. Wakaanza habari za Kinyala, nyumba kwa nyumba, na Kinyala si padogo. Walipoondoka, maziwa yalikuwa baridi kama maji ya kijito. Nikatembea polepole, aendaye kufutwa ana haraka gani?

Kioo kikaelea juu, kimetulia.

"Leo yamepoa," nikasema. "Mkamwana kanichelewesha."

Bwana afya akakitazama kioo tena. Akatoa mfukoni karatasi iliyokuja na kioo, bado ina mikunjo ya dukani, akaisoma huku midomo inacheza. "Kumbe yanapozwa kwanza," akanong'ona. Akaikunja, akapaza sauti watu wote wasikie: "Vizuri sana, mzee! Umejirekebisha!"

Jumapili mchungaji akamshukuru Mungu kwa ajili ya aliyetubu kutia maji kwenye maziwa. Benchi zote zikanigeukia. Nilitaka kusimama nieleze, mke wangu akanikanyaga mguu.

"Kaa," akasema. "Jina limebaki."

Nikasema amina.